Wimbo wa Aliyelala Nje Hauombi Sadaka



Muhula uliopita tulisahihisha insha za kidato cha tatu pamoja na mwenzetu mmoja, ambaye jina lake halina haja hapa. Swali liliwataka wanafunzi waeleze wimbo wowote wanaoupenda. Mmoja wao alichagua wimbo wa Kilingala unaomhusu mtu aliyelala juu ya katoni. Akaeleza kwamba katoni ikilowa usiku haikauki kabla ya usiku wa pili kuingia, na kwamba katoni ya sabuni ni nene kuliko ya biskuti, ndiyo sababu hugombaniwa. Mwenzetu akapiga mstari mwekundu ukurasa mzima, akaandika pembeni: "Haya ni mambo ya mitaani, si fasihi." Alama alizotoa ni sifuri. Tulipomwuliza sababu, alitujibu kwa utulivu kabisa kuwa kazi yetu ni Kiswahili sanifu na ushairi wenye vina na mizani. Nyimbo za dansi zina mahali pake, nako ni katika baa.

Twasema bila kumung'unya maneno: sifuri ile ni ya mwalimu.

Wimbo wenyewe waitwa "Tonkara", nao ni wa kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa. Umo katika albamu yao ya Très Très Fort, iliyotolewa mwaka 2009. Wengi wa wanamuziki hao walipooza miguu kwa ugonjwa wa polio, wakawa wanatembelea baiskeli za magurudumu matatu, na maisha ya barabarani waliyajua kwa kuyaishi. Nyimbo zao zilirekodiwa nje, katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, si katika chumba chenye kuta za sufi. Kijana Roger Landu alipiga satonge, chombo cha waya mmoja alichojitengenezea kwa kopo la bati. Na hilo neno tonkara maana yake ni hiyo hiyo katoni.

Sasa tuutazame kama tunavyotazama shairi lolote. Msemaji anasimulia kuwa alikuwa akilala juu ya katoni, kisha bahati ikamjia, akanunua godoro. Basi. Hasemi kwamba aliteseka, wala halii. Amechukua vitu viwili, katoni na godoro, na kati ya viwili hivyo amepitisha maisha mazima ya mtu. Sisi ambao kila mwaka twawahimiza wanafunzi watumie taswira badala ya kurundika vivumishi, tungetaka mfano gani bora zaidi? Tena wimbo huu unachezeka. Mwalimu anayetaka somo la saa nzima na aulize darasani: kwa nini mtu aeleze usiku wa baridi kwa mdundo unaoinua miguu? Na anayetaka ubishi na aulize kama ni haki kuitegemea bahati, au kama godoro lilipaswa kuja kwa njia nyingine. Sisi wenyewe hatukubaliani na wimbo katika jambo hilo. Lakini kutokubaliana na mtunzi ni kumheshimu, nako ni mbali sana na kumpa sifuri.

Wapo walimu wengine, wapole zaidi, ambao hawazikatai nyimbo za namna hii. Wao huzipenda mno, na mapenzi yao yatutia wasiwasi vilevile. Huzipenda kwa sababu zinaliza. Wakitaka mfano hukimbilia "Streets of London" wa Mwingereza Ralph McTell, uliotoka mwaka 1969 na kuvuma sana mwaka 1974, au "Another Day in Paradise" wa Phil Collins, wa mwaka 1989. Ni nyimbo zilizoundwa vizuri, hasa huo wa kwanza, ambao mtunzi wake ana jicho la kuona viatu na nguo za mzee kabla ya kumwona mzee. Lakini sikilizeni nani anasema na nani. Katika wimbo wa McTell, mtu amshika mkono rafiki yake anayelalamikia upweke, amtembeza mjini na kumwonyesha wazee wasio na mtu, ili rafiki aone kwamba taabu yake ni ndogo. Katika ule wa Collins, mwanamke aomba msaada, mpita njia apita zake, kisha mwimbaji atugeukia sisi. Alalaye nje amekuwa dawa ya huzuni ya mwingine, au kioo cha kujitazamia.

Nasi darasani twafanya nini? "Someni kwa bidii, msije mkalala kwenye baraza za maduka." Tumekwisha kuyasema hayo sote, na mwandishi wa makala haya ni wa kwanza kukiri. Twamfanya mtu kuwa fimbo ya kuwachapia watoto, na huenda mmoja wa watoto hao jana alilala kwenye baraza hiyo hiyo.

Uko wimbo mwingine unaotufaa sisi wa lugha kuliko yote. Ni "Homeless", uliotungwa na Joseph Shabalala pamoja na Paul Simon, ukaimbwa na Ladysmith Black Mambazo katika albamu ya Graceland ya mwaka 1986. Uimbaji wao, isicathamiya, jina lake lahusu kunyata, nao ulikua miongoni mwa Wazulu waliokwenda kufanya kazi mbali na familia zao, wakalala katika mabweni ya wafanyakazi. Mwambie mwanafunzi atafsiri jina la wimbo huo. Ataandika "wasio na makao" na kuona amemaliza. Hapo mwalimu amkamate. Neno la Kiingereza limefunga mzigo mmoja ambao Kiswahili chaugawa mara mbili: kuna asiye na nyumba, na kuna asiye na kwao. Watu walioanza kuhamishwa kwa nguvu Sophiatown mwaka 1955 walivunjiwa nyumba, lakini kwao walipajua hata jina la kila njia. Watu zaidi ya milioni moja wa kaskazini mwa nchi yetu hii ya Uganda, waliokaa katika kambi za wakimbizi wa ndani wakati wa vita, walikuwa na kibanda cha kulala. Kwao kulikuwa mwendo wa saa chache tu, nao hawakuweza kwenda. Lugha inayoweza kutenganisha mambo hayo kwa neno dogo kama "kwao" haina sababu ya kuuogopa wimbo.

Mwenzetu ataturudishia hoja ya mitaani. Tunashangaa kuisikia kwa mwalimu wa Kiswahili wa Uganda. Amesahau sisi tuliitwa nani? Kwa miaka mingi Kiswahili katika nchi hii kilitukanwa kuwa ni lugha ya askari na wanyang'anyi. Hata baada ya marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kukipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, wazazi waliendelea kutuuliza kama tunawafundisha watoto wao wizi. Sisi tuliosukumwa nje ya mlango, leo tumeingia, na jambo la kwanza tufanyalo ni kuufunga kwa komeo!

Na kama kikwazo ni Kilingala, yupo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978 na kuimba kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu. Wimbo wake "Mnyonge Hana Haki" utaingia darasani bila mkalimani. Mtu huyo aliyetoka mbali alifariki mwaka 2010, na kituo cha basi bado chaitwa Sinza kwa Remmy. Hatusemi kila wimbo wa dhiki ni mzuri. Nyingi ni kilio kilichofungiwa gitaa, na mwanafunzi akituletea huo tutamwonyesha ulipolegea. Tunachodai ni kwamba wimbo upimwe kwa utunzi wake.

Ile insha tumeisahihisha upya. Tulimpa mwandishi wake alama kumi na nne kati ya ishirini. Alipoteza tatu kwa upatanisho wa kisarufi na tatu kwa hitimisho la haraka. Mkuu wa idara bado hajaziingiza katika daftari. Habari ya katoni za sabuni hatukumwuliza ameijuaje. Mwenzetu anakaribishwa kutujibu katika toleo lijalo, na insha tunayo.