Diski haikufa ghafla

Mwezi uliopita diski ya kompyuta tunayofanyia utafiti iliharibika, ikapotea na masimulizi ya wazee ambayo hatukuwa tumeyahifadhi mahali pengine. Wote tulisema imekufa ghafla. Si kweli. Kila tulipoiwasha, mistari ya Kiingereza ilipita kwenye skrini, nasi tuliosoma kwa Kifaransa tukaiachia mafundi. Mwenzetu mmoja aliipiga picha kwa simu. Niliisoma baada ya hasara: diski ilikuwa inashindwa kusomeka.

Kompyuta ile inatumia Linux. Kiini cha mfumo huo, yaani kerneli, huandika ujumbe kuhusu mambo yanayotokea ndani ya mashine na kuupa kila mmoja namba ya uzito, kuanzia 0 hadi 7. Sufuri maana yake mfumo hautumiki tena. 4 ni onyo. 6 ni taarifa tu. 7 ni ya wanaochunguza programu. Wenye namba iliyo chini ya kizingiti kilichowekwa ndio hutokea kwenye skrini. Mwingine hubaki katika memori, ambako amri ya dmesg huusoma. Nafasi hiyo ikijaa, ujumbe mpya hufuta wa zamani.

Wapo wanaotaka ujumbe wote utafsiriwe. Mimi sikubali. Maneno yake yakibaki yaleyale kila nchi, ni rahisi kutafuta mtu aliyekwisha kupata tatizo hilohilo. Tunachokosa ni majina ya Kiswahili ya ngazi nane, na hiyo ni kazi yetu, si ya mafundi.

Si kazi nyepesi. Niliwaomba wanadarasa wapange kwa uzito: hatari, dharura, tahadhari, onyo. Hakuna wawili waliopanga sawa. Kwa hiyo jina lisiachane na namba yake, na lijaribiwe kwa wasemaji kabla ya kuingia katika orodha. Ngazi ya 3 wengi wangeiita kosa. Lakini kosa lina mkosaji, na diski haina hatia. Mimi napendekeza hitilafu.

Walimu wetu wa istilahi watupe zoezi hili muhula huu, kisha orodha ibandikwe kando ya kila kompyuta ya kitivo. Karatasi moja inatosha. Kati ya wazee tuliowarekodi, mmoja amekwisha kufariki. Sauti yake hatutaipata tena.