Kusimika, Kuweka au Kusakinisha? Maoni Kuhusu Lugha ya Miongozo ya Kompyuta

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeegemea upande wa majina ya vitu. Tumebishana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumebishana pia kama kifaa cha kuelekezea kiitwe kipanya au puku. Mabishano hayo yana faida yake, lakini yametusahaulisha vitenzi. Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta hana haja ya kutaja vitu tu. Ana kazi ya kutenda, na anahitaji kuambiwa atende nini, kwa utaratibu gani, na atajuaje kuwa amefanikiwa.

Makala haya yanatoa maoni kwamba istilahi za taaluma hii hazitakamilika mpaka zipimwe ndani ya mwongozo wa kazi unaofuatwa na mtu hatua kwa hatua. Kazi tunayopendekeza kuanza nayo ni ile ya kuiandaa kompyuta ili iweze kutumika kuandikia programu. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo mlango wa fani nzima. Anayeshindwa hapo hafiki kwenye somo lenyewe. Pili, hufanyika kwa namna tofauti katika mifumo tofauti ya uendeshaji, kama vile Windows, Linux na macOS. Kwa hiyo huonyesha waziwazi mahali ambapo lugha yetu inatosha na mahali inapopwaya.

2. Mfano wa Kwala

Ili hoja isielee hewani, hebu tutazame Kwala, kata iliyomo katika Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani. Hapo ndipo ilipo bandari kavu iliyozinduliwa rasmi mwezi Julai 2025, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli mpya ya kisasa. Sehemu hiyo ya Pwani inapitiwa na reli mbili. Moja ni reli ya kati ya zamani, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na ambayo upana wake ni mita 1. Nyingine ni reli mpya yenye upana wa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine. Hata hivyo, kontena lile lile huweza kushushwa kutoka behewa la reli moja na kupakiwa katika behewa la reli ya pili bila kufunguliwa.

Uhusiano wa programu na mifumo ya uendeshaji haupo mbali na hali hiyo. Msimbo ulioandikwa kwa lugha ya Python, kwa mfano, unaweza kuwa ule ule katika Windows na katika Linux, kama kontena. Lakini chombo cha kuubeba na kuuendesha hakina budi kutengenezwa kwa kipimo cha mfumo unaohusika.

Tuchukulie sasa kwamba kijana wa Kwala aliyemaliza kidato cha nne amepata kompyuta iliyokwisha kutumika, yenye Windows, naye anataka kujifunza kuandika programu. Faili la kusakinishia Python halifikii megabaiti 50, kwa hiyo analipakua bila gharama kubwa. Analifungua. Katika kisakinishi kilichotumika kwa miaka mingi, dirisha la kwanza lilikuwa na kisanduku kidogo upande wa chini, kikiuliza kama Python iongezwe katika orodha iitwayo PATH. Orodha hiyo ni ya mahali ambapo kompyuta hutafuta programu inapopewa amri. Asiyeelewa swali hukiacha kisanduku wazi na kuendelea. Kazi inakwisha kwa salamu za pongezi. Lakini akifungua dirisha la amri na kuandika python, kompyuta inaweza kumjibu kwamba haiitambui amri hiyo.

Jirani yake mwenye kompyuta ya Linux ya aina ya Ubuntu yupo katika hali nyingine. Yeye Python anayo tayari, kwa kuwa huja pamoja na mfumo. Lakini amri yake ni python3. Akiandika python peke yake, kama kitabu cha yule wa Windows kilivyoelekeza, kwa kawaida ataambiwa kuwa amri haipo. Tena, Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, jambo ambalo kwa kawaida Windows hailifanyi. Faili liitwalo Hesabu.py na lile liitwalo hesabu.py ni mawili kwa huyu, na ni moja kwa yule.

Vijana hawa wawili wamekwama, na la kusikitisha ni kwamba kila mmoja wao huenda akahitimisha kuwa hana akili ya kompyuta. Ukweli ni kwamba hawajaijaribu kazi yenyewe. Wamekwama kwenye maelezo, na maelezo ni jambo la lugha.

3. Vitenzi Vitatu

Tunaporudi kwenye istilahi, tunakuta vitenzi vitatu vinavyoshindania nafasi moja: kusimika, kuweka na kusakinisha. Wapo wanaoona kwamba tofauti hiyo haina uzito. Sisi tunaona kuwa ina uzito mkubwa.

Kusimika ni kukifanya kitu kisimame imara mahali pake, kama nguzo au mtambo. Kitenzi hicho kinafaa sana kwa mashine. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliposimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kazi ilikuwa ya kubeba mitambo na kuunganisha nyaya, na hapana neno bora kuliko hilo. Hali kadhalika, winchi za bandari husimikwa. Lakini programu haisimami popote pa kuonekana.

Kuweka ni kitenzi chepesi na kinaeleweka na kila mtu. Hapo ndipo penye hatari yake. Kunakili faili na kulitia ndani ya folda nako ni kuweka. Mwanafunzi aliyeambiwa "weka Python" anaweza kulipakua faili, akaliweka mezani pa kompyuta yake, akaamini kuwa amemaliza. Ametii neno aliloambiwa. Kosa ni la mwongozo.

Kusakinisha kunatokana na sakini, yaani kukaa au kuishi mahali, na ni ndugu wa neno maskani. Kusakinisha ni kufanya kitu kiwe mkazi. Maana hiyo inaafikiana na jambo lenyewe: programu iliyosakinishwa ina makao ndani ya mfumo, na mfumo unajua makao hayo yako wapi. Kisanduku kile cha PATH, tukikieleza kwa mantiki ya neno hili, si fumbo tena: ni kumwandikisha mkazi mpya ili anapoitwa apatikane. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kupakua, kunakili na kusakinisha vitumike kama matendo matatu mbalimbali, na kusimika kuachwe kwa vifaa.

Aidha, istilahi haziwezi kuundwa moja moja bila kutazama jamaa zake. Katika tafsiri za baadhi ya programu, sanidi hutumika kwa maana ya kupanga mipangilio, ilhali sanidua hutumika kwa maana ya kuiondoa programu kabisa. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua tokea utotoni kwamba kufungua ni kinyume cha kufunga, na kuziba hutanguliwa kwa kuzibua. Kwa kanuni hiyo hiyo atadhani kwamba sanidua hubatilisha mipangilio tu. Akiibonyeza, anaipoteza programu nzima. Hapa mtumiaji anaponzwa na ujuzi wake wa lugha, nalo ni jambo la aibu kwetu sisi tunaojiita wataalamu wa lugha hiyo.

4. Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni lile la siku zote: kwamba lugha ya kompyuta ni Kiingereza, na juhudi za namna hii zinawachelewesha vijana. Pingamizi hili linachanganya mambo mawili. Kuna lugha ya amri na kuna lugha ya maelezo. Lugha ya amri hatupendekezi kuigusa. Python3 ibaki python3 hata Kwala. Maneno maalumu ya Python katika matoleo ya karibuni ni 35 tu, na mwanafunzi anaweza kuyashika kama anavyoshika alama za hisabati au za barabarani. Kinachomzuia si maneno hayo 35, bali kurasa nyingi za maelezo yanayoyazunguka: kwa nini hatua hii inafanywa, nini kitatokea ikirukwa, kosa likitokea lirekebishweje. Hayo ndiyo yanayohitaji lugha anayoiota usingizini.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Inasemwa kwamba matoleo ya programu hubadilika haraka, na mwongozo wa leo utakuwa umechakaa mwakani. Ni kweli. Lakini kinachochakaa ni picha za madirisha na nambari za matoleo. Vitenzi havichakai kwa kasi hiyo. Mwongozo ukitaja tarehe, toleo na mfumo uliotumika, anayeurithi atajua pa kurekebisha.

5. Pendekezo

Hatuanzi kwenye uwanja mtupu. Mwaka 1992 TUKI ilichapisha Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Zubeida Tumbo-Masabo na H. J. M. Mwansoko. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili. Katika miaka iliyofuata Windows nayo ikapata sura ya Kiswahili. Kazi hizo zilithibitisha kwamba menyu zinatafsirika. Kilichobaki nyuma ni mwongozo, yaani nathari inayomshika mtu mkono tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanafunzi wa tafsiri katika idara zetu wapewe zoezi la kuandika mwongozo wa kurasa chache wa kusakinisha lugha moja ya programu katika mifumo miwili au mitatu. Sehemu zinazofanana ziandikwe mara moja, na zinazotofautiana zitenganishwe, ili msomaji asiburuzwe katika mambo ya mfumo usio wake. Kisha mwongozo upelekwe nje ya chuo, kwa vijana wa Kibaha na Kisarawe wasiojua chochote kuhusu zoezi hilo. Mwandishi akae kimya pembeni na kutazama. Pale kijana anaposita, palipo na neno lililomkwamisha, papigwe mstari. Na neno hilo ndilo lijadiliwe katika kikao cha istilahi.

6. Hitimisho

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla ya milango kufunguliwa kikamilifu. Marufuku ile ilikuwa na tangazo, na kwa hiyo iliweza kuondolewa kwa tangazo. Mlango unaofungwa na maelezo yasiyoeleweka hauna tangazo lolote. Anayezuiwa hudhani amejizuia mwenyewe. Makontena yanapita Kwala usiku na mchana, na nyuma ya shughuli za aina hiyo siku hizi zipo programu zilizoandikwa na watu. Iwapo vijana wa hapo watakuwa miongoni mwa waandishi hao au watabaki kuwa watazamaji, jibu moja, japo si la pekee, limo katika uwezo wa idara za Kiswahili. Tuanze na kurasa chache, na tuzipime kwa mikono ya watu.