Bastola Bila Mazoezi ni Hirizi



Kuna jambo limeingia katika jamii yetu hapa Marekani kimya kimya na hatulizungumzi, nalo ni bastola. Zamani kwenye sherehe zetu, iwe harusi, Eid au siku ya Uhuru, mazungumzo ya wanaume yalikuwa makaratasi, siasa za nyumbani na viwanja vya Kigamboni. Siku hizi, hasa huku Texas ninakoishi, kijana akifungua koti unaona kitako cha bastola kiunoni. Wenye maduka, madereva, wanaokesha kwenye vituo vya mafuta, hata dada zetu wanaotoka zamu saa sita usiku kwenye nyumba za wazee, wananunua. Siwalaumu. Anayekaa peke yake nyuma ya kaunta saa nane za usiku ndiye anayeijua hofu yake. Swali langu ni moja tu: mmejifunza kuitumia?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungushane. Mwenye haki ya kisheria ya kumiliki silaha, na akaamua kumiliki, afanye mazoezi uwanjani kila mwezi. Asiye na nafasi, fedha wala moyo wa mazoezi, aiuze. Bastola isiyofanyiwa mazoezi haina tofauti na hirizi: unaivaa kiunoni, inakupa ujasiri, na siku ya siku haikusaidii kitu.

Kwanza, makaratasi. Hapa naomba wanafunzi na wale ambao viza zao zimekwisha wanisikilize vizuri. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na hadhi halali nchini kushika silaha au risasi. Inamkataza pia aliyepo kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni ya kuwinda. Kushika, ndugu zangu, si kununua tu. Kukodi bastola ya uwanjani kwa nusu saa ili upige picha ya kuwatumia washikaji wa Bongo, huko nako ni kushika.

Mnadhani natisha? Yuko Hamid Rehaif, kijana wa Umoja wa Falme za Kiarabu aliyekuja kusoma Florida. Alifeli, chuo kikamwondoa, hadhi yake ya uanafunzi ikafa. Akaenda uwanja wa shabaha, akapiga silaha mbili. Akashtakiwa, akahukumiwa miezi 18 jela. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 2019 majaji wakasema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua hana hadhi halali. Huo ulikuwa ushindi, lakini pima gharama yake! Na tangu mwaka 2022 adhabu ya kosa hilo imepandishwa kutoka miaka 10 hadi 15, na baada ya jela kuna kurudishwa nyumbani. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki, ila ajue sheria za jimbo lake. Kijana mwenye shaka na hadhi yake amuone mwanasheria kwanza. Uwanja wa shabaha hauhami.

Pili, mazoezi yenyewe. Sisi tuliopita JKT miaka ya 1980 tulifundishwa kulala kifudifudi na kulenga kwa bunduki ndefu, afande yuko nyuma anakuhesabia risasi. Bastola ni mnyama mwingine. Mtutu wake ni mfupi, kwa hiyo kosa dogo la kidole linaipeleka risasi mbali. Anayeanza huikaza triga kama anafunga bomba la maji, mtutu unainama, risasi inakwenda chini ya shabaha. Dawa yake si kumwaga risasi nyingi. Dawa ni bastola tupu nyumbani, umeikagua mara mbili, risasi zote ziko chumba kingine, unaielekeza kwenye ukuta imara na kubonyeza triga polepole mara ishirini, thelathini, mpaka mtutu usitikisike. Ukienda uwanjani unakwenda kuhakikisha ulichokwisha kujifunza.

Na kabla ya yote hayo kuna kanuni nne zilizoenezwa na Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani aliyefungua shule ya bastola Arizona mwaka 1976. Kila silaha ichukulie kuwa ina risasi. Usiielekeze kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kisiguse triga mpaka umelenga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Asiyeweza kuzitaja bila kuwaza hajafika pa kubeba silaha kwenye mkusanyiko wenye watoto.

Hapa Texas leseni ya kubeba ilikuwa na mtihani wa lazima: risasi 50 kutoka yadi 3, 7 na 15, na lazima upate alama 175 kati ya 250. Mtihani huo bado upo kwa wanaotaka leseni, lakini tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bila leseni. Matokeo yake wengi wamekwepa darasa. Wananunua Ijumaa, Jumamosi wako nayo kwenye nyama choma.

Hebu tupime ukubwa wa kazi yenyewe. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, kama mita sita na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Muda huo huo ndio anaouhitaji askari aliyezoea kuchomoa bastola na kupiga. Wewe ambaye bastola yako iko chini ya sweta na jaketi la baridi, utahitaji sekunde ngapi? Viwanja vingi vya ndani haviruhusu kuchomoa kutoka kwenye ala wala kupiga haraka haraka, kwa hiyo mtu anaweza kwenda mwaka mzima, akatoboa karatasi vizuri akiwa amesimama, na asijue lolote kuhusu kujihami. Tafuta mkufunzi, au jiunge na mashindano ya IDPA yaliyoanza mwaka 1996, ambako unachomoa, unajificha nyuma ya kizuizi, unabadilisha magazini huku saa inakuhesabia.

Na bado si dhamana. Taasisi ya RAND ilipowachunguza polisi wa New York, katika ripoti ya mwaka 2008, ilikuta kwamba kati ya 1998 na 2006 polisi waliorushiana risasi na wahalifu walipata shabaha kwa asilimia 18 tu. Hao ni watu wanaolipwa kufanya mazoezi! Kila risasi iliyokosa ilitua mahali. Dukani kwako itatua wapi?

Nitaje na jambo moja linalonikera kila niendapo uwanjani. Kuna zoezi maarufu, mkufunzi anatamka "Mozambique", na wote mnapiga mbili kifuani, moja kichwani. Jina hilo lilitoka kwa Cooper huyo huyo. Inasimuliwa kuwa mamluki mmoja, Mike Rousseau, alikutana ana kwa ana na mpiganaji mwenye AK-47 kwenye uwanja wa ndege wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, akampiga mbili za kifua, jamaa hakuanguka, akalenga kichwa. Sasa FRELIMO iliundwa wapi? Dar es Salaam, tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walifundishwa wapi? Kongwa na Nachingwea, kwenye ardhi yetu na kwa jasho la wakulima wetu. Wenzangu wa mstari ule wanapiga karatasi. Mimi najiuliza ile karatasi ni mtoto wa nani. Zoezi nalifanya, maana somo lake ni la kweli, binadamu haanguki kama kwenye sinema. Ila vijana wetu wajue ujuzi huu una historia, na katika historia hiyo sisi tulisimama upande wa shabaha.

Historia hiyo haijaisha. Julai 2016 kule Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi mwenye leseni halali ya kubeba, alisimamishwa barabarani na akamwambia polisi kwa utulivu kwamba ana silaha. Alipigwa risasi palepale, na mwaka 2017 baraza la mahakama likamwachia huru polisi yule. Kwa hiyo mwenye ngozi yetu anapofanya mazoezi, sehemu ya mazoezi ni kusimamishwa na polisi: mikono juu ya usukani, taa ya ndani imewashwa, hakuna kupapasa kiunoni wala kwenye droo ya gari. Inauma kuyasema haya, lakini mama zetu wanataka tufike nyumbani wazima.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani. Kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Yaani zaidi ya nusu! Tunanunua bastola kwa kumwogopa mwizi, kumbe anayekaribia kuishika zaidi ni mwenye nyumba siku amekata tamaa. Na sisi tunazijua siku hizo. Ndoa imevunjika, kesi ya makaratasi imekataliwa, fedha za ujenzi zimeliwa na ndugu, na mwanaume wa kwetu hasemi, anasema "niko poa". Kisha tunapitisha bakuli la kusafirisha mwili, na chanzo cha kifo tunaambiwa ni "ghafla". Ukiona mwenzio amenyamaza isivyo kawaida, muulize waziwazi, na umwombe akukabidhi silaha akae bila hiyo kwa muda, kwa utaratibu ambao sheria ya jimbo lenu inaruhusu. Namba 988 inapigwa bure saa 24. Na nyumba yenye watoto iwe na kasha la chuma lenye kufuli. Droo ya chupi si ghala la silaha. Hapa Texas kumwachia mtoto njia ya kuifikia silaha yenye risasi ni kosa la jinai.

Kwa mnaorudi kujenga nyumbani: msidhani bastola mtaifunga kwenye sanduku pamoja na viatu. Kuitoa hapa na kuiingiza kule kote kunahitaji vibali kabla ya safari, na Tanzania ina sheria yake ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Wapo watakaonitajia Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambako Abdul Haji aliingia na bastola yake ya leseni pamoja na polisi na raia wengine wakaokoa watu. Ni kweli, nami namvulia kofia. Lakini watu 67 waliuawa pale, na mkasa ulichukua siku nne. Ushujaa wa raia haukuwa mbadala wa dola iliyojipanga. Tusimsamehe anayelipwa kutulinda kwa sababu tu tuna kitu kiunoni.

Napendekeza mambo matatu kwa vyama vyetu vya kila jimbo. Aletwe mwanasheria wa uhamiaji kueleza nani anaruhusiwa kushika silaha. Itafutwe siku moja kwa kila miezi mitatu ya kwenda uwanjani kwa kikundi chini ya mkufunzi, kina dada nao wakiwemo. Na kila mwenye silaha anayekuja kwenye shughuli zetu aiache imefungiwa kwenye kasha. Hayo hayana gharama kubwa kuliko jeneza moja la ndege.

Naomba kutoa hoja.