Maumivu Yasiyoandikwa Daftarini



Padre apandaye milima ya Upare kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu hukutana na mgonjwa mmoja ambaye hayumo katika hesabu ya mtu yeyote. Hana homa, hatapiki, wala hana jeraha la kufungwa bandeji. Ni mama wa miaka sitini na kitu, ambaye tangu usichana wake amebeba maji, kuni, ndizi na tangawizi katika njia za miteremko. Leo mgongo hausimami na magoti hayakunjiki. Ukimwuliza hali, hujibu kwa upole: “Ni uzee tu, Baba.” Ndivyo alivyoambiwa alikotibiwa, akapewa vidonge vichache vya kutuliza maumivu, naye akakubali. Katika daftari lake la matibabu neno maumivu halikuandikwa.

Toleo hili la jarida letu linataka kusema kwamba jambo hilo si la tiba peke yake. Ni jambo la haki.

Maumivu yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Tangu Januari 2022 Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, toleo la 11, la Shirika la Afya Duniani, imeyapa jina na nafasi yake yenyewe. Hayatoki chanzo kimoja: mengine ni ya mgongo na viungo, mengine ya mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari, mengine ya selimundu au saratani. Jirani zetu wa wilaya ya Hai wamewahi kutembelewa majumbani na watafiti wa Hospitali ya KCMC ya Moshi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, ili kujua ni wangapi wanaoteseka kwa viungo na mifupa, na kaya zao zinapata hasara gani. Kuhesabiwa ni mwanzo wa kuheshimiwa.

Sasa tunasikia kwamba simu na kompyuta zitaleta msaada. Wako wanaozishangilia, na wako wanaozishuku. Lakini tuangalie vizuri: simu imekwisha kuingia katika maumivu ya watu wetu zamani. Mama analalamika, mtoto aliyeko Dar es Salaam anatuma fedha kwa simu, mjukuu anakwenda dukani kununua diklofenaki. Mwezi ukiisha, fedha hutumwa tena. Kwa nia njema kabisa, mama yule anameza mwaka mzima dawa ambayo ikitumika muda mrefu bila uangalizi yaweza kumletea vidonda vya tumbo, kumdhuru figo na kumpandisha shinikizo la damu. Kwa hiyo swali letu si kama simu iingie au isiingie. Swali ni: itamtumikia nani?

Mfano mwema tunao hapa nchini. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ilijaribu mfumo wa simu kwa ajili ya wagonjwa wa saratani waliorudishwa nyumbani. Mgonjwa au mtu anayemwuguza hujibu maswali machache kuhusu maumivu na dalili nyingine. Majibu humfikia mtaalamu wa tiba shufaa pamoja na mhudumu wa afya aliye karibu na mgonjwa. Taarifa ya jaribio hilo ilichapishwa mwaka 2021. Jambo la kujifunza ni hili: katika mpango huo simu haikuwekwa mahali pa mhudumu. Iliwekwa kati ya wahudumu wawili, ili yule wa mbali amsaidie yule wa karibu.

Utaratibu wa namna hiyo ungeweza kuisaidia zahanati ya mlimani. Tabibu angeandika kiwango cha maumivu kila mgonjwa ajapo, kuanzia 0 hadi 10, na kuona kama mgonjwa anaendelea vema au anarudi nyuma. Angeweza kumwuliza daktari wa mjini kabla ya kumtuma mtu safari ya siku nzima kwa nauli ya kukopa. Angekumbushwa dalili zisizosubiri: miguu kulegea, mkojo kutozuilika, mwili kukonda, homa za usiku ambazo huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Naye mgonjwa angepigiwa simu na kukumbushwa mazoezi yake, kwa kuwa mgongo unaouma kwa kawaida hupona zaidi kwa kutembezwa na kunyooshwa taratibu kuliko kwa kulazwa kitandani.

Hata hivyo, haki inadai tuulize maswali matatu.

La kwanza: simu ni ya nani? Katika nyumba nyingi simu ni ya baba au ya kijana, na bibi hana. Kuna mabonde yasiyoshika mtandao, na wako wasiojua kusoma. Mpango unaomdai mgonjwa awe na simu janja utamsaidia mwenye nafuu na kumwacha maskini zaidi. Kifaa kikae zahanati na mikononi mwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali iliuzindua mpango wao wa kitaifa Januari 2024. Mgonjwa afikiwe kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Chasu.

La pili: siri ni ya nani? Habari za mwili wa mtu si bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Kamati za afya za vijiji ziulize bila woga: taarifa zetu zinahifadhiwa wapi, na nani anazisoma?

La tatu: baada ya kuulizwa, kuna nini? Kumwuliza mtu kila juma maumivu yake ni mangapi, na kisha asipate dawa, mazoezi wala mtu wa kumtembelea, ni dhihaka. Mwenye saratani anayehitaji morfini ya maji aipate, chini ya uangalizi unaostahili.

Wako waamini wanaodhani kwamba kutafuta nafuu ni kuukimbia msalaba. Sivyo. Papa Pius XII, akiwahutubia madaktari Februari 1957, alifundisha kwamba ni halali kumtuliza mgonjwa maumivu yake hata kwa dawa kali. Papa Yohane Paulo II katika barua yake Salvifici Doloris ya mwaka 1984 alifafanua thamani ya mateso, lakini humo humo alimweka mbele yetu Msamaria Mwema. Msamaria hakumhubiria majeruhi uvumilivu. Alimwaga mafuta na divai, akalipa gharama, akaahidi kurudi. Ahadi ile ya kurudi ndiyo tiba ya maumivu sugu, na hapo simu yaweza kuwa chombo chema.

Tunaziomba basi Jumuiya Ndogo Ndogo zote ziwatambue wagonjwa wa namna hii, kwa hiari yao na kwa heshima ya siri zao, na kuwasindikiza zahanati. Tunawaomba vijana walio mijini wasitume fedha tu, bali wapige simu na kuuliza: “Mama, unameza dawa gani, na nani amekuandikia?” Tunawaomba waganga na wauguzi wetu, ambao tunajua wanafanya kazi nyingi kwa vifaa vichache, waandike neno maumivu daftarini. Na tunawaomba viongozi wanaopanga mifumo mipya waanze na mgonjwa wa zahanati ya mwisho, kule barabara inapokoma.

Mama yule akisema tena “ni uzee tu”, asituone tumeitikia kwa kichwa. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.