Majira ya Mungu na Majira ya Wanadamu



Sura ya tatu ya Kitabu cha Mhubiri tumeizoea mno misibani, hata twaisoma kana kwamba ina fundisho moja tu, yaani uvumilivu. Kila jambo lina majira yake. Basi mwenye njaa angoje, mavuno yatakuja. Hatukatai kwamba imani hutufundisha kungoja. Lakini mkulima wa Dodoma au Singida, apataye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, hana haja ya kufundishwa jambo hilo. Yeye huifukia mbegu ardhini huku watoto wake wakiitamani iwe chakula.

Jumatano ya Majivu huangukia kati ya tarehe 4 Februari na 10 Machi. Ndiyo miezi ambayo ghala la maskini huwa tupu, na nafaka mpya bado i mbichi shambani. Kwaresima humkuta amekwisha kuanza kufunga, bila kutangaziwa. Ndipo hutokea mwenye fedha akanunua zao likiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa. Wakati wa mavuno huja mwingine na lumbesa: gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kipande juu, kisha likalipiwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo yakataza, lakini lori huondoka limejaa. Miezi michache baadaye mkulima yuleyule hununua unga kwa kibaba, tena kwa bei ya juu. Mvua ni majira ya Mungu. Lumbesa ni majira ya nani?

Mnunuzi huyo mara nyingine ni mmoja wetu. Siku ya shukrani ya mavuno hutoa sadaka nono, nasi humpigia makofi.

Yosefu huko Misri hutajwa kuwa mfano wa kuweka akiba miaka ya neema, na ni haki atajwe. Ila wachache huendelea hadi sura ya 47 ya Kitabu cha Mwanzo, ambapo watu waliishiwa fedha, wakatoa mifugo, kisha mashamba, na mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao ili wapate nafaka. Ghala lililookoa uhai wao ndilo lililomeza ardhi yao. (Makuhani peke yao walibaki na mashamba yao, sisi watu wa Kanisa tusiipite aya hiyo haraka.)

Kwa hiyo twaziomba kamati za haki na amani za parokia, pamoja na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, waulize katika kila jumuiya: ni nani aliyekwisha kuuza zao lake kabla ya kuvuna, na kwa nani? Wafikirie pia ghala dogo la pamoja, mtu akope debe na kurudisha debe, bila riba. Mazungumzo hayo yafanyike Kwaresima, kabla malori hayajafika.