Mwaka Bila Mushahara

Kati yenu kuko wenye kumaliza masomo na wanakaa nyumbani bila kazi. Leo tunasema juu ya Édouard Mendy, mlinzi wa goli.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1992. Mama yake ni wa Senegal. Alicheza Cherbourg, ekipe ndogo. Mwaka 2014 kontra ikaisha. Mtu aliyepaswa kumutafutia ekipe ingine alimuahidi nafasi, kisha akanyamaza. Miaka 22, na yeye shomeri!

Alifanya nini? Alienda Le Havre, kule alikojifunza mupira utotoni, akaomba kufanya mazoezi pamoja nao. Mushahara hakuna. Karibu mwaka mzima alizidi kujirusha chini sawa mtu mwenye kulipwa.

Mwaka 2015 Marseille wakamukamata, lakini kwa ekipe ya akiba tu. Mwaka 2016 akaenda Reims, akawa mlinzi wa pili. Mechi ya kwanza, dakika ya 5, mlinzi wa kwanza akapewa karti nyekundu. Nani aingie? Mendy. Alikuwa tayari.

Mwaka 2021 alishinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na Chelsea. Mwaka 2022, Kombe la Afrika na Senegal.

Ile karti ilimufungulia mulango tu. Kazi yenyewe mikono yake iliijua tangu ule mwaka bila mushahara. Basi wewe uliyejifunza kuchomelea vyuma ao kushona, usiache mikono isahau. Na ninyi wazazi, mtoto anayejizoeza bila kulipwa, musimuite mvivu.