Umeme wa Jua: Wenye Ardhi Waulizwe Kwanza

Taifa linalotaka viwanda halina budi kutaka umeme, na sasa macho ya taifa letu yameelekea juani. Wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, Shirika la Umeme TANESCO lilitia saini mwaka 2023 mkataba wa kujenga kituo cha umeme wa jua kilichokusudiwa kufikia megawati 150, kwa kuanza na megawati 50. Fedha zake ni mkopo kutoka Ufaransa. Hapana shaka wilaya nyingine zitafuata, na vijiji vingi vitajikuta mbele ya swali moja: mgeni amekuja kuomba ardhi ili atandaze paneli zake, je, tukubali au tukatae?

Kwanza tuseme wazi kwamba umeme huu tunauhitaji. Mwishoni mwa mwaka 2022 ukame ulipunguza maji mitoni, na wafanyakazi wanajua yaliyofuata: mgao wa umeme, mashine zimesimama, kazi imelala. Tangu hapo bwawa la Mwalimu Nyerere huko Rufiji limekamilika, nalo lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini bwawa hutegemea mvua, na nchi isiyo na tegemeo ila mvua imejiweka rehani kwa mawingu. Jua huwaka kwa nguvu mwaka ule ule mvua inapokataa kunyesha. Mchana likitupa umeme, maji ya bwawa yatahifadhiwa kwa ajili ya usiku. Vitu hivi viwili havigombani. Kimoja humsaidia mwenzake.

Basi mbona tusiseme "ndiyo" pasipo kusita? Kwa sababu paneli hazining'inizwi hewani. Kituo cha Garissa nchini Kenya, kilichozinduliwa Desemba 2019, kina uwezo wa megawati 50 hivi, nacho kimechukua hekta 85. Kwa kipimo hicho, kituo cha megawati 150 kitahitaji kama hekta 255. Wako watakaosema kwamba hayo ni mapori tu. Wanaosema hivyo hawaijui Shinyanga. Huko Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili majani yasimame na kuokoa mifugo wakati wa kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliirudishia desturi hiyo heshima yake, na ardhi iliyokuwa imegeuka jangwa ikaota miti tena. Mpita njia akitazama ngitili huona pori lisilo na mwenyewe, lakini mwenye ng'ombe huona akiba yake ya mwezi wa tisa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imelifikiria jambo hili. Ardhi ya kijiji inayotakiwa kuhamishwa ikiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, na wanakijiji hutoa maoni yao. Tena sheria hiyo yasema ardhi isihamishwe mpaka fidia, kiasi chake na wakati wa kulipwa kwake viwe vimekubaliwa.

Hapa ndipo penye neno letu. Tumeona kwamba kituo kikubwa huvuka mpaka wa hekta 250 kwa urahisi. Maana yake ni kwamba kadiri mradi unavyokuwa mkubwa, ndivyo sauti ya mwanakijiji inavyokuwa ndogo, hali yeye ndiye anayepoteza zaidi. Hatusemi kwamba Waziri anyang'anywe madaraka yake, kwa maana umeme ni wa taifa zima. Twasema kwamba asiyatumie kabla Mkutano Mkuu haujakutana, haujaelezwa kwa lugha unayoifahamu, na haujatoa neno lake. Na neno hilo likiwa ni "hapana", mradi utafutiwe mahali pengine, isipokuwa sababu ya kutofanya hivyo imeelezwa hadharani.

Wako watakaodai kwamba kuuliza kunachelewesha maendeleo. Na watazame majirani zetu. Huko Kinangop, Kenya, mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60 uliachwa mwaka 2016 baada ya wakazi kuupinga kwa sababu ya ardhi. Na mradi mkubwa wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye megawati 310, ulikuwa umekwisha jengwa wakati mahakama ya Meru, Oktoba 2021, ilipoamua kwamba hati za ardhi yake hazikupatikana kwa njia ya sheria. Aliyeona uvivu kuuliza kwa mwezi mmoja amejikuta akijibu mashtaka kwa miaka.

Kwa hiyo kijiji kikiombwa ardhi, kisikatae kwa hofu wala kisikubali kwa tamaa. Kiulize: je, eneo hili ni ngitili, ni njia ya mifugo, au ni ardhi iliyochoka? Fidia ni kiasi gani, na italipwa lini? Nguzo za umeme zitakazopita kijijini zitaiwashia taa zahanati yetu na kuusukuma mtambo wetu wa kukoboa, au zitatupita juu ya vichwa? Kazi za ujenzi zikiisha, vijana wetu wangapi watabaki na kazi, na nani atawafundisha? Paneli zikichakaa baada ya miaka ishirini na mitano au zaidi, nani ataziondoa? Majibu yaandikwe, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Wanachama wa Chama vijijini wana wajibu wa pekee hapa. Kazi yao si kumsindikiza mgeni mpaka saini ipatikane, wala si kumfukuza. Kazi yao ni kuhakikisha mkutano umeitwa, muhtasari umesomwa, na mama mwenye shamba la ekari mbili amesikilizwa sawasawa na mwenye ng'ombe mia.

Kishapu ndiko uliko mgodi wa Mwadui. Almasi ikishachimbwa haioti tena, lakini jua litachomoza kesho na kesho kutwa. Hatuna haja ya kulikimbilia kwa pupa hata tukawakanyaga walio juu ya ardhi.